Kura ya Roscoe

Orville Haddix alikuwa Spika wa Bunge la jimbo kwa miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo hakuwahi kuleta hoja ukumbini kabla ya kujua nani yuko upande wake. Mfukoni hakukosa karatasi yenye majina ya wabunge wote: huyu ndiyo, huyu hapana, huyu hajulikani.

Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, daktari kataja wiki chache tu. Binti yake Verna alihamia kwake, kule kwenye milima ya Apalachia, kumuuguza. Verna hakuwa mwingi wa maneno, lakini macho yake hayakulala. Alimwona baba yake kila Jumamosi akinyanyua simu, akiishika kifuani, kisha akiirudisha.

"Mpigie tu, Baba."

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Roscoe Tolliver."

"Sijui kura yake," mzee akasema, akageukia dirisha.

Dirishani lilionekana daraja. Yeye ndiye aliyelipigania bungeni, na tangu lijengwe akina mama wa ng'ambo hawakujifungulia tena njiani kwenda hospitali. Lakini ili lipite, ilibomolewa nyumba ya mama yake Roscoe. Roscoe, rafiki yake tangu shuleni na mbunge mwenzake, alipiga kura ya hapana. Spika akamvua uenyekiti wa kamati mbele ya Bunge zima. Ilikuwa miaka thelathini na moja sasa, na Roscoe hakuwahi kulivuka daraja lile. Akiwa na shida mjini alizunguka kwa barabara ya mlimani, saa nzima na zaidi.

Jumatano Verna alichukua karatasi, akaandika jina moja, akavuka daraja kwenda ng'ambo. Alimkuta Roscoe barazani anamenya viazi.

"Spika kakutuma?"

"Hata hajui. Nimekuja kuhesabu, Bwana Tolliver. Hoja ni chakula cha mchana, Jumamosi, kwetu. Ndiyo au hapana?"

Roscoe akachekea puani. "Lo, na wewe kakuambukiza! Mwambie babako, jikoni kwa mama yangu alikula mkate wa mahindi kunishinda mimi niliyezaliwa mle."

"Kwa hiyo niandike hapana?"

Roscoe akamenya kiazi kizima kabla ya kujibu. "Niandike hajulikani."

Verna alikwisha fungua mlango wa gari aliposikia, "Mnakula saa ngapi?"

"Saa sita na nusu."

"Nauliza tu."

Nyumbani, Spika aliitazama karatasi akakunja uso. "Nani kakwambia unihesabie?" Halafu, taratibu: "Alisemaje? Neno kwa neno."

Verna akamweleza. Alipofika kwenye ile saa ngapi, mzee akafumba macho.

"Weka sahani ya tatu."

"Lakini kasema hajulikani."

"Nimehesabu watu muda mrefu, mama. Asiyekuja haulizi saa." Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Na mkate wa mahindi usiutie sukari. Mama yake hakutia."

Jumamosi, saa sita na robo, simu ililia. "Mwambie ndio natoka," Roscoe akasema, akakata.

Verna akapiga hesabu ya barabara ya mlimani: hafiki kabla ya saa saba na robo. Akapunguza moto wa jiko, akaanza kumfunga baba yake tai, maana mzee alikataa katakata kupokea mgeni shingo wazi. Mzee akatupa jicho mlangoni. "Kama atabadili nia njiani..."

Mlango ukagongwa.

Wote wawili wakaitazama saa ya ukutani. Hata sita na nusu haijafika. Mzee akageuka polepole kuliangalia daraja, na machozi yakamlengalenga.

"Spika!" sauti ikaita nje. "Hilo daraja lako lina mashimo!"

Orville akacheka mpaka akakohoa, tai ikining'inia upande mmoja.

"Ingia, Roscoe," akasema. "Umewahi. Mkate bado haujaiva."