Sikio la Fabian

Asubuhi ya Jumanne, Fabian, mwandishi wa redio moja ya Kibaha, alikuwa anakula supu ya mbuzi na chapati mbili pale Maili Moja pamoja na Mheshimiwa Magembe, diwani kutoka Kisarawe, sikio lake la kushoto lilipobanduka. Halikuuma wala halikutoa damu. Lilidondoka taratibu mezani, kando ya kisahani cha ndimu na pilipili. Magembe akaliokota, akalipangusa, akalitia kwenye mfuko wa shati.

"Nitakutunzia, mdogo wangu," alisema. "Ukitaka habari huna haja ya kunitafuta."

Kweli hakuwa na haja. Tangu siku hiyo Fabian alimsikia Magembe popote alipokuwa: akicheka na wenzake, akinong'ona kwenye simu, akipanga atakayoyasema kesho. Habari zilimfikia kabla hazijapoa, na mhariri akamsifu. Nyumbani Mkuza, mkewe Jenifa aliuliza tu miwani itakaaje, kisha akamshonea kamba ya kuishikilia kisogoni. Waandishi wengine wawili wa mkoani nao hawakuwa na sikio la kushoto, na wote walikuwa wamekwisha kupanda vyeo.

Shida ilikuwa moja. Kwenye vikao vya baraza, madiwani wanawake walikaa upande wa kushoto wa meza ya waandishi. Selina Holo, diwani wa viti maalumu, aliposimama kuzungumza, Fabian aliona midomo yake ikicheza, akasikia kitu kama upepo kwenye migomba. Aliandika alivyovaa, basi.

Siku moja alimfuata nje ya ukumbi.

"Mheshimiwa, sikupati vizuri. Wenzako hututunzia sikio. Chukua hili la kulia, walau wiki moja."

Selina alilitazama kwa hamu ambayo hakuificha.

"Nikutwe na sikio la mume wa mtu kwenye mkoba?" alisema. "Magembe akila supu na wewe, anaitwa mtu wa watu. Mimi nilikunywa soda na mwandishi mara moja tu, mchana kweupe. Mume wangu aliletewa picha kabla sijamaliza chupa. Niandikie maswali, nitakujibu kwa maandishi."

Fabian aliikumbuka ile picha. Naye aliwatumia wenzake wawili watatu, akicheka. Maswali hakuyaandika.

Alichokuwa akikisema Selina, kikao baada ya kikao, ni gari la wagonjwa. Gari la zahanati ya kijijini kwao lilikuwa shambani kwa Magembe, likibeba magunia ya muhogo. Mwezi wa nne, masika yalipokolea, mama mmoja aitwaye Juliana alishikwa na uchungu. Alipakiwa kwenye bodaboda, akafia njiani, na mtoto tumboni.

Habari zilimfikia Fabian kwa sikio la kushoto. Alimsikia Magembe akimwagiza dereva alioshe gari, alirudishe zahanati kabla ya mazishi. Si mara ya kwanza kumsikia akizungumza na dereva yule. Miezi mingi alikuwa amesikia habari za magunia na mafuta ya gari, akadhani ni mambo ya nyumbani kwa watu.

Akaenda kudai sikio lake. Magembe hakuwa na kinyongo. Alivuta mtoto wa meza. Mlikuwamo masikio tisa, yamepangwa juu ya kitambaa safi.

"Chagua lako, mdogo wangu."

Fabian alilijua kwa kovu la utotoni. Akalibandika, likashika.

Kesho yake alikwenda nyumbani kwa Selina. Mlango uliachwa wazi, na Simoni, shemeji wa Selina, akaketi katikati yao, akimenya machungwa. Selina alizungumza saa nzima. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya mtu aliyezoea kurudia. Alizitaja kwa tarehe siku zote alizosimama barazani kulisemea lile gari. Zilikuwa kumi na moja.

"Alfajiri ile Juliana mwenyewe alinipigia," alisema. "Nikatafuta namba yako, utangaze, gari lirudi. Nikaipata. Halafu nikawaza, wakijua nimempigia mwandishi wa kiume alfajiri, watasemaje? Nikaiweka simu chini."

Simoni aliacha kumenya. Fabian alikuwa amesikia kila neno.

Mhariri aliyasikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa mpaka mwisho, kisha akauliza, "Magembe amesemaje?"

Habari ilirushwa saa saba mchana. Magembe alipewa dakika tatu, akatoa pole, akaahidi kufuatilia. Selina alipewa sekunde kumi na mbili, pale aliposhindwa kuendelea akapenga kamasi. Mtangazaji alisema diwani huyo ameangua kilio.

Wiki iliyofuata tarishi alimletea Fabian barua yenye kumbukumbu namba na muhuri.

"Ndugu Mwandishi," iliandikwa, "nakushukuru kwa kunisikiliza. Naomba usije tena nyumbani kwangu. Watu wameshaanza kusema. Wako katika ujenzi wa taifa, S. Holo."

Fabian aliisoma mara mbili. Akachukua karatasi, akaandika tarehe na anwani, akaandika "Mheshimiwa", akaweka mkato. Alikaa na kalamu mkononi mpaka mlinzi alipokuja kufunga ofisi.