Kiti cha Jafari

Kwa miaka mingi Jafari alikuwa mjumbe wa halmashauri, au conseil, ya hospitali ya mtaa wao, upande wa Makiso. Wakubwa ndio waliomteua, naye alikipenda kiti hicho. Siku za mkutano alivaa koti la kijivu, akapanda toleka, teksi ya baiskeli, kwa uangalifu isimchafulie suruali, na aliporudi hakusema kitu.

"Mulizungumuza nini?" mkewe, Karima, alimuuliza kila mara.

"Mama Nuru, mambo ya conseil inabakia mu conseil."

Karima aliuza vitenge sokoni, na wateja walimsimulia wasiyoyasema wajumbe. Jiko la hospitali ndilo lililowaudhi zaidi. Jamaa za wagonjwa waliwapikia uani, pasipo paa. Mvua ikinyesha, moto unazimika na mgonjwa analala njaa.

Ndipo bunge la jimbo likapitisha sheria mpya: nusu ya wajumbe wa halmashauri za hospitali wachaguliwe na wakaaji, na mikutano iwe wazi kwa kila mtu. Jafari akaandikisha jina lake kugombea kiti chake, akatulia. Nani angemshinda?

Wanawake wa soko wakaandikisha jina la Karima agombee kiti hicho hicho. Jioni hiyo Karima mwenyewe alimweleza mumewe, kabla hajasikia kwa wengine.

Jafari akaacha kula pondu, ile mboga ya majani ya muhogo. "Unataka kiti yangu?"

"Iko kiti ya batu sasa, Papa Nuru. Njo vile sheria inasema."

Siku ya uchaguzi Karima alimshinda kwa kura nyingi. Kwa siku kadhaa wakawa wanasemezana kupitia binti yao, Nuru, ambaye alichoka upesi na kazi hiyo.

Siku ya mkutano wa kwanza Karima aliingia ukumbini, akamwona mumewe kwenye benchi la nyuma, kavaa koti lake. Hawakusalimiana. Zamu yake ilipofika, akaeleza habari ya jiko harakaharaka.

"Hakuna mtu aliyewahi kulalamika hapa," akasema mjumbe mmoja wa zamani.

Jafari akasimama.

"Papa, watazamaji hawasemi," daktari Simone, mwenyekiti, akamwambia.

"Ninajua, docteur, nitakaa. Lakini wangelalamika kwa nani? Mlango ulikuwa umefungwa, na mimi nilikuwa ndani."

Watu wakacheka, na Simone naye akashindwa kujizuia. Paa la mabati la jiko likakubaliwa bila ubishi.

Nje, Jafari akaita toleka mbili.

"Umesema muzuri," akamwambia mkewe. "Lakini ulienda mbio sana. Mujumbe anapumua kidogo."

"Bon, utanifundisha."

Karima akapanda baiskeli yake, akamwambia mwendeshaji apitie sokoni kwanza. Wanawake walikuwa wakingoja habari.