Matumizi Kumi na Saba ya "Get"

Jumamosi, siku mbili kabla ya usaili wake, Benjamini alisimama mbele ya darasa langu na kutaja kwa kichwa matumizi yote kumi na saba ya neno "get". Kupata. Kufika. Kuelewa. Kushikwa na ugonjwa. Kushuka kwenye gari. Hakuruka hata moja. Kisha nikamuuliza kwa Kiingereza alifika bandarini saa ngapi asubuhi ile, akarudi kwenye dawati lake, akakaa.

"Mzee Beno, hiyo ni namba mbili," nilisema.

"Namba mbili naijua, mwalimu. Ni kufika."

"Basi nijibu."

Aliangalia mikono yake, aliyoibana katikati ya mapaja mara tu alipokaa. Mimi ndiye niliyemfundisha kuibana. Chuoni tuliambiwa msailiwa asirusherushe mikono.

Darasa letu lilikuwa chumba cha juu ya duka la vitambaa la Mama Darshana, Mchafukoge. Mimi nilikuwa na shahada ya ualimu na sina ajira. Benjamini alikuwa na miaka hamsini na moja. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amesimama gatini, pale meli zinapofungwa kupakuliwa, akimwongoza kwa ishara za mikono mwendesha winchi: pandisha, shusha, taratibu. Mwisho wa mwezi kampuni yake ingeleta redio koli za kuongelea badala ya ishara. Angebaki yule tu anayeweza kuzungumza Kiingereza na mabaharia wageni. Wengine wangeshukuriwa na kurudi nyumbani, na nyumbani kwake ni Nachingwea, ambako hakuwa tena na shamba.

Kila siku nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akakaa kwenye dawati na kuniita mwalimu. Hilo lilininyima usingizi. Orodha ile niliinakili mimi, kutoka kwenye daftari langu la mwaka wa pili.

"Neno moja kazi kumi na saba," alisema Selina, mwanafunzi mwenzake, muuza mitumba wa Mchikichini. Yeye ni Mngoni, Benjamini ni Mmwera, kwa hiyo ni watani na hamwachii nafasi. "Hata wewe mtani hufanyi kazi zote hizo. Ndiyo maana wewe na hilo neno mmegombana."

"Nyamaza, mtumwa wangu," alijibu Benjamini, lakini hakucheka.

Mama Darshana alikuwa ameleta chupa ya chai. Aliiweka mezani, akabaki amesimama.

"Na piga je?" aliuliza. "Piga pasi, piga deki, piga simu, piga hodi. Babu yangu alitoka Gujarati, akafa bado anadhani kupiga pasi ni kuichapa. Mimi sikupewa orodha na mtu. Mama alisema nenda kapige pasi, nikapiga. Nikiunguza shati, napigwa mimi."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana alikuwa amesema kweli, na zilikuwa zimebaki siku mbili tu.

"Mzee Beno, funga daftari," nilisema. "Kreti ya mzigo imekwama juu kwenye winchi. Chini yake kuna mtu. Fanya kazi yako, halafu nieleze unachofanya. Kwa Kiingereza."

"Na mikono?"

"Iachie."

Aliinuka. Alitazama juu, kwenye pangaboi, na mkono wake wa kulia ukanyooka. Maneno yalikuja nyuma ya mkono, polepole, yakigongana. "It get stuck. I get the man out." Kiganja kikashuka. "Then we get it down. Slowly, slowly."

Vitenzi havikukaa sawa hata kimoja, lakini kila mtu chumbani alikuwa ameiona kreti ile ikishuka. Selina alisogeza miguu yake.

Sikufurahi kama nilivyopaswa. Je, wasaili wakiona mikono inayoruka watadhani hana adabu? Kwanza nilimwambia aibane, sasa nimemwambia aiachie. Nilikuwa nacheza na mkate wa mtu.

Jumatatu saa tatu nilimsindikiza hadi ofisi ya kampuni, ghorofa ya tatu. Vijana wawili walitangulia kuingia, wenye vyeti ndani ya bahasha za kaki. Walitoka wakitabasamu. Mmoja alisema mgeni anayesaili, nahodha mstaafu, anaongea haraka kama mnadi wa mitumba, ila ukiitikia "yes, sir" mambo yanakwenda.

Benjamini akaingia. Nilikaa kwenye ngazi. Nilihesabu vigae, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Ndani nilisikia sauti ya mgeni, ndefu, isiyo na nukta. Kisha sauti ya Benjamini, kubwa kupita kiasi, neno moja: "Stop."

Nilifunika uso kwa viganja.

Alitoka baada ya dakika ishirini, shati limelowa mgongoni.

"Umemwambia nani stop?"

"Nahodha. Alisema mambo mengi, sikumwelewa. Nikainua ngumi, nikamwambia stop, I did not get you, say again."

"Mzee Beno."

"Mwalimu, gatini usipoielewa ishara unainua ngumi, na kila kitu kinasimama. Hata awe bosi anayetoa amri. Ukiitikia tu, unaua mtu." Alijifuta shingo. "Akarudia. Sikuelewa tena. Nikainua tena."

"Mara mbili?"

"Mara tatu. Ya tatu alisema taratibu, nikampata. Kumbe alikuwa ananitega, ananiagiza nishushe mzigo mahali watu wamesimama. Nikamwambia no. Akamgeukia mwenzake, wakaongea chini chini. Kisha akaniuliza nimefanya kazi hii miaka mingapi."

Nilitaka kuuliza swali moja tu na sikuthubutu. Aliliona usoni mwangu.

"Alhamisi napewa redio," alisema. "Mwezi mmoja wa kunipima. Nahodha amesema Kiingereza changu ni kibaya sana, nije na mwalimu wangu nimwoneshe nani alaumiwe."

Alikaa ngazi moja chini yangu, akatoa kalamu mfukoni, akaniomba karatasi.

"Sasa nifundishe namna ya kumwambia mtu aondoke chini ya mzigo," alisema. "Kwa haraka. Bila mikono, maana mmoja utakuwa umeshika redio."