Kasha Ndani ya Nailoni

Mjomba alipomkabidhi tangi lake la kioo la kufugia matumbawe ya baharini kwa safari ya wiki moja, Profesa, binti wa dada yake, alikunja mikono kifuani kama mkaguzi. Jina hilo alipewa nyumbani kwa kuongoza darasa katika kemia, na alitamba nalo hata akiosha vyombo.

"Kila jioni chota maji," mjomba alisema, akimwonyesha kasha jipya la kupimia, bado limo ndani ya nailoni yake. "Tia matone ya kipimo ukihesabu, mpaka rangi ya buluu igeuke manjano. Yakifika manane, alkali inayoyajenga matumbawe iko sawa; yakizidi, imezidi na itayaunguza. Nitakupigia uniambie ni mangapi, nami nikwambie utie dawa ya kuongeza alkali kiasi gani."

"Mjomba, hiyo si kazi ya chekechea?"

Kazi ya chekechea ilimshinda siku ya kwanza tu. Simu iliita akiwa amejilaza kwenye kochi.

"Mangapi, Profesa?"

"Manane," akajibu, mguu juu ya mto.

Kesho yake akaona manane tena yatatia shaka. Akasema saba. Siku ya tatu, sita, ili ionekane kazi inafanyika.

"Mh, matumbawe yanaila alkali kwa fujo," mjomba akaguna. "Ongeza kifuniko kimoja cha dawa."

Hapo sasa ndipo alipokuwa mwaminifu: aliitia yote, bila kupunguza hata tone. Siku ya nne akasema matano. Vikaongezeka vifuniko viwili.

Mjomba aliporudi, ncha za matumbawe zilikuwa nyeupe pee, nyama inabanduka kama karatasi iliyolowa. Alipiga magoti mbele ya kioo, begi bado begani. Tumbawe lile la zambarau alilianza na kipande cha ukubwa wa kidole gumba, miaka saba iliyopita.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Hakugeuka. "Wewe umefanya kazi yako. Mimi ndiye niliyekuamuru uongeze dawa. Nimeyaua kwa mdomo wangu."

"Si ungemwachia Profesa mwenyewe aamue!" mke wa mjomba akadakia kutoka jikoni. "Unajifanya daktari wa kwenye simu!"

Profesa alicheka kidogo. Masikio yalimwaka moto.

"Tangi hili nitaligawa," mjomba alisema polepole. "Sina tena mkono wa kulea."

Angenyamaza, nani angejua? Lakini miguu ilishampeleka kabatini. Alirudi na kasha, akaliweka kwenye kiganja cha mjomba, macho yake sakafuni.

Mjomba aliligeuza huku na huku, akitafuta mahali nailoni ilipochanika. Hakupaona.

Mwishowe akaichana kwa kucha, akachota maji, akamkabidhi kichupa cha matone.

"Hesabu."

Manane yakapita, maji bado buluu. Kumi. Kumi na mawili. Akashusha sauti.

"Kwa nguvu," alisema mjomba. Hakumwita Profesa. "Sikusikii, binti."