Mume Aliyetoka kwa Mke

"Leo umeniletea lipi?" Filomena aliuliza, akiusonga ugali kwa mikono miwili.

"Edzo," Gervas alijibu. "Ni mume, kwa Kiesperanto."

Madereva wa malori waliokuwa wakila wakaangua kicheko. Hapo Kurasini walishamzoea mchonga vinyago huyo, aliyejiunga na darasa la lugha kule Temeke na kila Jumamosi akawa anapitia kwa mama lishe Filomena na neno jipya. Filomena, mjane, Jumamosi ikifika alijikuta anachagua khanga. Lakini leo hakuwa na raha. Banda la kuchongea la Gervas lilikuwa limebomolewa, na kesho alikuwa anarudi kwao Newala.

"Haya, limetoka wapi?"

"Kwa Wajerumani, mwalimu anasema. Mke wa mrithi wa mfalme wanamwita Kronprinzessin. Aliyekitunga Kiesperanto akalichukua, akakata mbele kote, mkia akaugeuza kuwa edzino: mke. Akapunguza tena ile 'in' ya kike, akapata edzo." Macho ya Gervas yaling'aa. "Alikuwa anachonga yule, dada Filomena! Kwa kawaida neno la mwanamume ndilo linatangulia, la mwanamke linatokea humo. Hili limegeuka."

Mwiko ukasimama. "Yaani mume katoka kwa mke?"

"Ndiyo hivyo."

"Mke asipokuwepo, mume hapatikani?"

"Hapatikani," Gervas alisema, akitazama viatu vyake.

Filomena alimwangalia. Mtu huyu amemletea neno la mkate, la mvua, la ndege, na lile moja analolisubiri halijamtoka. Kesho basi la Newala litamchukua. Akafuta mikono.

"Usiniite dada leo," alisema kwa sauti ya kuishinda milio ya malori. "Edzino ndo mie. Unanitaka, hunitaki?"

Gervas alitafuta jibu kwa Kiesperanto, akakosa. Kwa Kimakonde, akakosa.

"Nakutaka," akasema kwa Kiswahili tu. "Tangu zamani."

"Fundi leo kachongwa yeye!" dereva mmoja alipiga kelele, na kibanda kizima kikalipuka.

Upepo wa mvua ukavuma, turubai la paa likaanza kupigapiga. Bila kuambiwa, Gervas akapanda juu ya benchi, akaikamata kamba iliyolegea na kuanza kuifunga upya. Filomena alisogea, akalishika benchi lisiyumbe, matone ya kwanza yakimwangukia usoni.