Mabati ya Mke wa Riek

Siku ya ukaguzi, Gurei nzima iligeuka kuwa mtaa wa wajane. Gari jeupe la Nyumba ya Huruma likikata kona tu, wanaume walivaa sandali zao wakatokea nyuma ya nyumba, wakaenda kukaa kwa mama wa chai sokoni mpaka gari liondoke. Wake zao walibaki uani, vitambaa kichwani, nyuso zimewanywea, wakisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Na huyo aliyetwaliwa alikuwa sokoni anapuliza chai ya tangawizi ipoe. Kila mtu alijua. Wasswa dereva alijua, hata mbuzi wa Gurei walijua. Asiyejua, au aliyejitia hajui, alikuwa Bwana Gaetano peke yake, mkuu wa mradi wa makazi.

Nyachangkuoth naye alijua, na kujua kwenyewe kulimchoma. Ofisini walimwita Nyachang kwa sababu jina zima liliwashinda. Alikuwa amelelewa Kenya, Kakuma kwanza kisha Eldoret, akarudi Juba baada ya mkataba wa amani akiwa na Kiswahili cha Eldoret, Kinuer cha mama yake, na hasira ambazo hakuzirithi kwa mtu. Kazi yake ilikuwa kukalimani, yaani kubeba maneno ya watu huku na huku bila kuyadondosha.

Tuseme haki ya Mungu, Nyumba ya Huruma ilikuwa imefanya mema. Watu walioshuka bandarini wakitoka kaskazini na mtoto mgongoni na sufuria moja mkononi, ni shirika hilo la Kanisa lililowapa magodoro, dawa na unga. Msimu huo liligawa mabati, kwa kuwa mvua zilikuwa zinakaribia na watu wangali chini ya maturubai yaliyochanika. Mabati yalikuwa na mafungu mawili. Fungu moja la wajane wasio na mwanamume nyumbani, fungu la pili la mume na mke waliofunga ndoa kanisani. Nje ya hapo, pole.

Nyagoa alikuwa nje ya hapo.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini, na turubai lake lilikuwa limebaki nyuzi. Mtoto wake mdogo, aliyekuwa bado ananyonya, alikuwa na kikohozi cha kifuani ambacho zahanati ya Huruma ilikuwa imekitibu na kukitibu tena. Sista wa zahanati alisema wazi kwamba mtoto yule akilala tena kwenye maji, asimletee, ampeleke kwa Mungu moja kwa moja. Ulimi wa Sista ulikuwa mkali, lakini hakuwa mwongo.

Bwana Gaetano aliketi kwenye kigoda, kalamu mkononi. "Muulize, kwa hii nyumba mwanaume iko analala?"

Nyachang alimgeukia Nyagoa akasema kwa Kinuer, harakaharaka, "Binti wa mama, sema hakuna."

"Kwa nini?" Nyagoa alishangaa. "Thok anaishi hapa. Ndugu mdogo wa mume wangu. Jioni atarudi kutoka uwanja wa ndege, anabeba mizigo kule."

Ikabidi Nyachang atafsiri ukweli, maana Nyagoa tayari alikuwa anamwonyesha mgeni shati la Thok kwenye kamba.

"Sasa hii Thok ni bwana yake?"

"Hapana. Mume wangu ni Riek. Vita vilimchukua."

"Na hii mtoto ndogo, baba yake nani?"

"Riek," Nyagoa akajibu, kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi.

Bwana Gaetano alimtazama mtoto, akapiga hesabu. Riek alikuwa amekufa kabla hata amani haijatiwa sahihi. Akafunga kalamu yake. "Huyu mama anatucheza. Twende."

Mtu wa Gurei asingehitaji kuelezwa. Mwanamume akitoa ng'ombe akaoa, kisha akafa, nyumba yake haifi. Ndugu yake anaingia, analima, analeta chakula, analala na mjane, na kila mtoto anayezaliwa ni wa marehemu, anaitwa kwa jina lake. Thok hakuwa mume wa Nyagoa hata chembe. Siku moja angeoa mke wake mwenyewe kwa ng'ombe zake mwenyewe. Pale kwa Nyagoa alikuwa anashikilia nyumba ya kaka yake isianguke. Ndiyo maana Nyagoa hakumficha kama wenzake walivyoficha waume zao. Angesema hakuna mwanamume, watoto wadogo wangekuwa wa nani? Wa upepo?

Ofisini, Nyachang hakusubiri hata kukaa.

"Bwana Gaetano, hiyo umefanya si poa. Yule mama ndiye peke yake amekuambia ukweli Gurei mzima."

"Mimi iko nasikia wewe, dada. Lakini kama tunamwandika mjane, tunadanganya Mungu na wafadhili, wote mbili. Kama tunamwandika na bwana yake, tunabariki dhambi."

"Dhambi gani? Ni mila!"

"Mila ya kuzaa na shemeji."

Nyachang alitaka kumtaja Akuol wa kona ile, ambaye mume wake alikuwa mzima wa afya na alisaidia mwenyewe kupigilia mabati ya ujane. Akajiuma ulimi. Kumtaja kungemvua Akuol bila kumvika Nyagoa. Basi hasira ikatafuta mlango mwingine wa kutokea.

"Unajua baba yangu alikufa lini?" alisema. "Alikufa kabla mama hajabeba mimba yangu. Amu yangu, ndugu yake, alinizaa kwa jina lake. Shuleni Eldoret walimu waliuliza, wakacheka, nikanyamaza. Sasa niambie wewe, mimi ni mtoto wa nani? Wa dhambi?"

Bwana Gaetano alivua miwani akaifuta kwa shati. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Mtu mbaya unamtukana ukalala usingizi.

"Pole sana," alisema taratibu. "Hiyo mambo ongea na Padri kwa kitubio."

Kitubio! Nyachang alitoka akabamiza mlango mpaka picha ya Bikira Maria ikapinda ukutani. Wasswa, aliyekuwa anaosha gari, alimwangalia akasema, "Nyabo, bibie, leo hata mimi naogopa wewe."

Lakini Bwana Gaetano alikuwa amechomwa mwiba moyoni, maana baada ya Jumapili alimwita akiwa anatabasamu mpaka masikioni. Alikuwa ameongea na Padri. Suluhisho limepatikana, tena rahisi. Thok na Nyagoa wafunge ndoa. Wote wamebatizwa, Kanisa halikatazi, Padri yuko tayari hata bila kutangaza wiki nyingi. Wakishafunga tu, wanaingia fungu la familia. "Unaona? Mungu hatupi mtu," alisema, na alifurahi kweli, macho yalimng'aa.

Nyachang alihisi damu inampanda. Walikuwa wanamtaka mwanamke aue nyumba ya mume wake ili apate paa la nyumba hiyohiyo. Alifungua mdomo kusema hivyo. Nje, ngurumo ya kwanza ya msimu ilipita juu ya Mlima Jebel, nzito na ya mbali. Akamkumbuka mtoto na kikohozi chake. Akafunga mdomo.

Alikwenda Gurei peke yake. Thok alikuwepo, kijana mpana wa mabega, mpole, mwenye makovu ya paji la uso na mikono ya kubeba. Nyachang aliwaeleza kwamba Padri anataka wasimame mbele ya altare, ndipo mabati yatolewe.

Wakatazamana. Nyagoa akafikiri, kisha uso ukamfunguka. "Riek alitaka sana harusi ya kanisani. Vita vikatuzuia. Thok atasimama kwa ajili ya Riek?"

Hapo ndipo pa kusema hapana. Hapo, siyo pengine. Kule ndani mtoto alikohoa, kikohozi kirefu kikavu, na turubai likapigwapigwa na upepo.

"Atasimama," Nyachang akasema.

Hakusema kwa ajili ya nani. Alijiambia kwamba hajadanganya. Njiani kurudi alikanyaga vumbi kwa nguvu, akimlaani Gaetano, akimlaani Padri, akiwalaani wafadhili ambao hajawahi kuwaona na mafungu yao mawili. Mwenye hasira ana watu wengi wa kulaumu, na yule wa karibu kabisa hamwoni.

Ndoa ilifungwa asubuhi baada ya misa, waumini wameshatawanyika. Walibaki mashahidi wawili wa Nyagoa waliojua Kinuer tu, na Bwana Gaetano aliyevaa tai. Nyagoa alivaa gauni la kuazima la rangi ya maziwa. Thok alivaa shati lile la kambani, limepigwa pasi. Padri, mgeni asiyejua lugha yao, aliuliza kwa Kiingereza, polepole, kwa upole: "Wewe Thok, unakubali kumchukua Nyagoa awe mke wako?"

Nyachang akageuza kwa Kinuer: "Unakubali kumchukua Nyagoa?" Yale ya "awe mke wako" aliyameza.

Thok akainua kichwa, akajibu kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Namchukua kwa jina la kaka yangu Riek. Yeye ni wa Riek na watoto ni wa Riek. Nitaishika nyumba yake mpaka nife."

Mashahidi waliitikia kwa vichwa. Mmoja alifuta machozi. Ilikuwa kauli ya mwanamume kamili.

Padri akamgeukia mkalimani. Bwana Gaetano naye akamgeukia.

"Anasema ndiyo," Nyachang alisema.

Padri alicheka kidogo. "Maneno mengi hayo kwa ndiyo moja."

"Kinuer ni lugha ndefu, Padri."

Nyagoa alipoulizwa akajibu kwamba anakubali, kama alivyokubali siku ng'ombe zilipohesabiwa kwa baba yake. Hilo nalo likawa ndiyo. Pete za shaba zikavalishwa. Nyachang alitoka kanisani, na ndani yake kulikuwa na kitu kama ushindi. Amewaweza. Walitaka ndiyo, wamepata ndiyo, na Nyagoa atapata mabati na Riek wake abaki naye. Nani ameumia?

Lori lilifika Gurei juma hilohilo. Thok mwenyewe alipanda juu akasaidiwa na majirani, miongoni mwao wale waume marehemu waliofufuka kwa siku ile moja, na nyundo zikalia mpaka jua likaelekea magharibi. Mawingu yalikuwa yameshajikusanya. Nyagoa alikuwa amepika ugali wa mtama na samaki mkavu, anagawa huku anacheka, na Nyachang hakuwahi kumwona akicheka.

Bwana Gaetano alikuja na Wasswa kukabidhi. Alimshika Thok mkono, akampigapiga bega, kisha akamgeukia Nyagoa kwa furaha na Kiarabu chake cha Juba. "Mabruk, mara ta Thok!"

Hongera, mke wa Thok. Kiarabu cha Nyagoa kilikuwa cha sokoni, cha kununulia chumvi, lakini hicho kilimtosha. Alidhani mgeni amekosea. Akamsahihisha kwa adabu, mkono kifuani. "La. Ana mara ta Riek." Hapana, mimi ni mke wa Riek.

Bwana Gaetano akacheka, mcheko wa mtu mwema, akainama akamshika mtoto shavu. "Riek kalas," alisema. "Riek kalas, mama. Hii watoto leo iko na baba."

Riek basi, amekwisha. Watu waliokuwa wanakula wakaacha kula. Thok alisimama na nyundo mkononi. Bwana Gaetano hakuona lolote. Matone ya kwanza yalianza kuanguka naye akakimbilia gari akifunika kichwa kwa faili.

Nyagoa alimgeukia Nyachang. Hakupaza sauti.

"Kule kanisani Thok alisema Riek. Mimi nilisikia. Mashahidi walisikia. Wewe ulimwambia Padri nini?"

Nyachang alimsogelea. "Nilitaka mpate paa. Mtoto angekufa, binti wa mama."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia anasema ndiyo."

Nyagoa alitikisa kichwa polepole. "Yule mgeni hajui. Simkasirikii, hajui. Wewe ulijua. Ungeniambia, ningechagua mwenyewe. Labda ningechagua mabati. Sasa mbele ya Mungu Riek hana mke wala watoto, na aliyemnyang'anya ni binti wa kwetu, kwa mdomo wake, nami nimesimama hapo na pete nikitabasamu kama mjinga."

"Nitarudi kwa Padri. Nitamwambia—"

"Umwambie tena nini? Nani atakuamini wewe?"

Mvua ikaja yote kwa mara moja. Watoto wakakimbilia ndani, majirani wakajisukuma mlangoni, sahani mikononi. Thok alimchukua mdogo akampeleka pembeni, mbali na mlango. Nyachang akapiga hatua kuwafuata. Nyagoa akasimama mlangoni akauziba kwa mwili wake, maji yakimtiririka usoni.

"Mabati yatabaki," alisema. "Mtoto wangu ni mgonjwa na mimi si mwendawazimu. Wote wataingia. Hata yule wa faili akirudi, nitampa kigoda. Lakini wewe usije ukakanyaga humu. Hii ni nyumba ya Riek."

Akaingia, akavuta kipande cha gunia kilichokuwa mlango. Barabarani Wasswa alipiga honi, akapiga tena. Nyachang alibaki uani, nguo zimemgandia, anasikiliza mvua ikipiga mabati mapya na watu ndani wakisogezana wapate pa kukaa.