Saa Nne ya Anchorage

Moyo aliokuwa akiletewa Tilda, mtoto wa miaka sita, ulitolewa Anchorage, Alaska, saa nne asubuhi. Kutoka huko hadi Seattle, alikolazwa, ni kilomita elfu mbili na mia tatu, na nje ya mwili moyo hauvumilii zaidi ya masaa manne. Mama yake, Solveig, aliandika yote kiganjani. Rubani alipopiga simu kwamba moyo utafika hospitali saa nane na nusu, Solveig alihesabu kwa vidole.

"Masaa manne na nusu! Dada, moyo utafika umekufa!"

Muuguzi Corinne, mzaliwa wa Alaska, alimshika kile kiganja. "Hiyo saa nane na nusu ni ya wapi?"

"Ya hapa."

"Na saa nne?"

"Ya... huko."

"Basi sisi wa Alaska tuko nyuma yenu saa nzima, si mnatucheka kila siku? Hesabu upya, mama."

Matatu na nusu. Hadi helikopta kutoka uwanja wa ndege iliponguruma juu ya paa, Solveig alikuwa ameshahesabu mara ishirini.

"Tilda," alimnong'oneza mwanawe, "mgeni wako kafika."